Usiulize Kama Ni kwa Kiingereza

Likizo inapokaribia, maktaba za umma hubandika tangazo mlangoni: saa ya hadithi kwa watoto wadogo, klabu ya vitabu kwa walio shule ya msingi, masomo ya kompyuta kwa vijana waliomaliza sekondari. Tangazo linataja siku, saa na umri. Kisha simu zinaanza kuita, na wazazi karibu wote hawaulizi siku, saa wala umri. Wanauliza: "Mwalimu, hiyo hadithi ni ya Kiingereza, ama?" Ukiwajibu kwamba juma hilo itasomwa kwa Kiswahili, kunakuwa kimya, halafu: "Sawa, tutaona." Hatuwaoni tena.

Nimewahudumia watoto maktabani hapa Bonde la Ufa kwa muda wa kutosha kulijua swali hili kabla halijaulizwa. Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Leo nalijibu kwa maandishi ili nisilijibu tena. Mtoto ambaye bado anajifunza kusoma hufunguka upesi zaidi kwa lugha anayoielewa, na Kiingereza chake hakipungui kwa hilo. Mzazi anayeteua programu ya maktaba kwa kigezo cha Kiingereza peke yake ameteua vibaya, na anayeumia ni mtoto.

Imani hii ya Kiingereza kwanza ina asili yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilianza kueneza mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tume ya Ominde ya 1964 ikaunga mkono mkondo huo. Kamati ya Gachathi ya 1976 ikageuza usukani: madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo. Lakini katikati ya sera hizo kulikuwa na diski, kile kibao alichovishwa mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya nyumbani, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Waliovaa diski ndio wazazi na nyanya wa leo. Walifundishwa kwa aibu kwamba lugha ya mama ni kosa na Kiingereza ndiyo akili yenyewe. Somo la namna hiyo halifutiki kwa waraka wa wizara.

Na waraka upo. Mtaala wa umilisi unasema kuanzia PP1 hadi Gredi ya 3 mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo lake, na mijini Kiswahili kichukue nafasi hiyo. Lakini shule nyingi za binafsi huuza Kiingereza tangu siku ya kwanza ya chekechea kwa sababu ndicho wazazi wanacholipia. Hiyo ni biashara. Msiigeuze kuwa sayansi ya kusoma.

Sayansi yenyewe haina mzunguko. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la mambo mawili: kuitambua sauti iliyomo katika herufi, na kuielewa lugha inayotamkwa. Waliandika zao, si jumla, na walikusudia hivyo. Ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Mtoto anayetamka sentensi ya Kiingereza bila kukwama huku hajui inasema nini, hajasoma. Amepiga kelele kwa mpangilio. Jaribu leo nyumbani. Akimaliza ukurasa, funga kitabu umwulize, "Imesemaje?" Wazazi wengi hawajawahi kuuliza hivyo kwa sababu Kiingereza kilichotamkwa vizuri kiliwatosha.

Ushahidi upo hapa hapa kwetu. Utafiti wa wanafunzi wa darasa la tatu katika maeneo ya Wagikuyu na Wajaluo ulikuta jambo ambalo lingepaswa kuwakosesha walimu usingizi: kasi yao ya kusoma Kiingereza kwa sauti ilitangulia mbali ufahamu wao wa Kiingereza hicho, ilhali katika lugha walizozizoea walielewa zaidi hata waliposoma polepole. Kasi ndiyo inayosikika sebuleni mgeni akija. Ufahamu hausikiki, kwa hiyo hakuna anayeupigia makofi.

Kisha kuna suala la tahajia. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja inashikilia sauti yake. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, na akapewa silabi zilizobaki, anaweza kulitamka neno lolote lililoandikwa, hata ambalo hajawahi kulisikia. Kiingereza kinamwambia kwamba tough, though na through zinaishia kwa herufi zile zile na hazifanani kwa sauti hata kidogo. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Katika nyingi kati ya hizo, mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto walisoma sawasawa zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida. Watoto wa Scotland, waliojifunza kwa Kiingereza, walisoma asilimia 34. Hao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, kinasemwa jikoni na kitandani. Halafu mzazi wa Kaptembwo, hapa Nakuru, anataka mwanawe aanze kujua maana ya herufi kwa tahajia hiyo hiyo, katika lugha anayoisikia kwa mwalimu tu. Kazi mbili ngumu kwa pamoja, kisha tunashangaa akizikataa zote mbili.

Wapo wanaonijibu: haya, ataelewa, lakini Kiingereza chake kitachelewa na mtihani ni wa Kiingereza. Ndipo ninapowatajia Ife. Kuanzia 1970, huko Nigeria, mradi uliosimamiwa na Profesa Babs Fafunwa uliwafundisha watoto masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake aliyefunzwa. Walipopimwa dhidi ya wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza baada ya miaka mitatu ya kwanza, hawakuwa nyuma yao katika Kiingereza, na katika masomo mengine waliwazidi. Kilichowafikisha ni Kiingereza kufundishwa vizuri kama lugha, na mtu anayekijua.

Sitaficha upande wa pili wa ushahidi. Katika Bungoma na Machakos, mradi wa PRIMR ulijaribu kufundisha kusoma kwa Kibukusu na Kikamba pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Watoto walifaulu zaidi kusoma lugha zao, lakini hawakuwapita katika Kiingereza wenzao waliopata mradi huo huo bila lugha ya mama, na katika hisabati walibaki nyuma kidogo. Kwa hiyo lugha ya mama si dawa ya kila kitu, na atakayekuuzia kama dawa muulize bei kwa tahadhari. Ila soma tena matokeo hayo: Kiingereza chao hakikushuka. Hofu nzima ya mzazi anayepiga simu ni kwamba kitashuka.

Kuna kauli nyingine inayoambatana na hofu hiyo: "Lugha nyingi zitamchanganya." Mtoto wa Rhonda au Bondeni husikia lugha ya mama nyumbani, Kiswahili kwa jirani na Sheng uwanjani. Mtoto wa Karagita, Naivasha, ambako wafanyakazi wa mashamba ya maua wametoka kila pembe ya nchi, mara nyingi hucheza, hugombana na kupatanishwa kwa Kiswahili. Akichanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja, hajachanganyikiwa. Anatumia alichonacho, kama watu wazima tunavyofanya kwenye matatu kuanzia asubuhi hadi jioni. Mtoto wa miaka miwili ambaye bado haungi maneno mawili mawili katika lugha yoyote kati ya zile anazosikia, apelekwe hospitalini apimwe masikio na usemi wake. Kuifuta lugha ya nyanya hakumponyi. Kunampunguzia watu wa kuzungumza naye.

Na ile tiba inayouzwa kuliko zote, katuni za Kiingereza. "Yeye anajua Kiingereza, anaangalia YouTube tangu akiwa mtoto mchanga." Anajua nyimbo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani waliwaletea watoto wa miezi tisa sauti za Kichina. Kundi moja lilichezewa na kusomewa na mtu aliyeketi nao. Jingine lilipata mtu yule yule, vitabu vile vile, muda ule ule, ila kwenye skrini. Waliokaa na mtu walijifunza kuzitofautisha sauti za Kichina. Wa skrini walikuwa sawa na ambao hawakusikia Kichina kabisa. Mtoto mdogo hujifunza lugha kwa mtu anayemtazama machoni, anayengoja jibu, anayegeuza ukurasa pale yeye alipoonyesha kidole. Simu haingoji. Ndiyo maana saa ya hadithi ina mtu, mkeka na kitabu, na ndiyo maana mzazi anayemwacha mtoto mlangoni kwenda kufanya manunuzi amekosa nusu ya faida. Njoo uketi, uone msomaji anavyouliza, ukafanye hivyo nyumbani.

Sijasema Kiingereza kifukuzwe maktabani. Rafu zetu zimejaa vitabu vya Kiingereza kuliko vya lugha nyingine yoyote, na anayekielewa asomewe kwa raha zake. Mkiona saa ya hadithi ya Kiingereza inamfaa mwanao, mleteni. Ninachokataa ni kuitumia lugha kama mlango wa kuwazuia wengine.

Sasa cha kufanya, kwa haraka, kwa sababu nafasi imekwisha.

Chini ya miaka mitatu: mlete hata kama hajui herufi moja. Anakuja kujua kwamba kitabu kina mwanzo, kurasa na hadithi. Akikitafuna, tutakifuta.

Miaka mitatu hadi sita: katika kikundi cha mjini, Kiswahili. Mapajani mwako, lugha ya nyumbani, iwe Kikalenjin kule Kuresoi, Gikuyu kule Subukia, au Kiturkana kwa familia iliyohamia Nakuru. Kitabu kimoja kikirudiwa mara nyingi ni bora kuliko vitabu vingi mara moja moja. Usisome tu, uliza: nani huyu, atafanya nini sasa, kwa nini analia?

Mzazi asiyejua kusoma: fungua kitabu cha picha, simulia. Hakuna atakayekukagua. Nyanya pia anaruhusiwa, na kwa kawaida anasimulia vizuri kutuliko.

Gredi ya 1 hadi ya 3: dakika chache kila siku, Kiswahili kwanza mpaka ateleze, kisha Kiingereza. Gredi ya 4 kwenda juu: mwache achague mwenyewe, hata akichagua kitabu unachokiona chepesi. Karatasi za mitihani iliyopita zina wakati wake. Likizo nzima si wakati wake.

Kutafuta vitabu: fasihi ya Kiswahili iko kwenye nambari 896.392 katika rafu zinazofuata mfumo wa Dewey. Vya watoto huwa katika sehemu yao, kwa hiyo uliza dawatini. Uliza pia masharti ya uanachama, ni vitabu vingapi mtoto anaazima na kwa siku ngapi. Ukiwa mbali na Nakuru, Naivasha na Gilgil nako kuna maktaba za umma. Ukiwa mbali na zote, tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure zenye picha, kwa Kiswahili na lugha kadhaa za Kenya. Zipakue mahali penye mtandao, uzisome wewe kwa sauti. Simu iwe karatasi tu, msomaji awe wewe.

Ukipiga simu, uliza haya: kikundi ni cha umri gani, watoto ni wangapi kwa msomaji mmoja, mzazi anaruhusiwa kuketi, na mtoto ataondoka na kitabu?

La mwisho si la simu. Huduma ya maktaba ya taifa ilianzishwa kwa sheria ya 1965, lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, katika aya moja na kamari na kasino. Kwa hiyo fedha za vitabu sasa zinajadiliwa kwenye vikao vile vile vya bajeti mnavyoalikwa kutoa maoni. Mwakilishi wenu wa wadi akimaliza kueleza barabara na mataa ya mtaani, simameni mumwulize vitabu vya watoto vya Kiswahili na vya lugha za hapa vitanunuliwa vingapi mwaka huu. Sisi tunaofanya kazi ndani hatuwezi kuliuliza hilo kwa niaba yenu.