Timu ya Mtaa Bahati Haina Jezi? Doo Iko, Inataka Makaratasi

Kama timu yenu ya Kabatini, Dundori ama Kiamaina bado inachanga za mpira, hii ni yenu. Sheria ya NG-CDF ya 2015 inaruhusu kila eneo bunge kutumia hadi asilimia 2 ya mgao wake kwa michezo. Yaani jezi si zawadi ya mheshimiwa, ni pesa ya umma.

Kwanza, sajilini klabu kwa Msajili wa Michezo, vile Sheria ya Michezo ya 2013 inataka. Mkuwe na katiba, viongozi na akaunti ya benki. Kisha pelekeni ombi ofisi ya NG-CDF na mjitokeze kwa mikutano ya wadi, juu huko ndio miradi hujadiliwa. Andikeni jezi ngapi, bei gani, vijana wangapi. Timu bila makaratasi hungoja kampeni.