Samaki Wanaozaa Watoto Hai, na Ugomvi Wao

Samaki wote hawazai kwa njia moja. Watu wa Nyawera wanaliona ziwa Kivu kila siku, nao hula sambaza. Lakini ni wachache wanaojua jinsi samaki wanavyozaa. Sambaza, aliyeletwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, hutaga mayai yake majini na kuyaacha. Samaki wengine wadogo wa Kivu, ambao wataalamu huwaita Haplochromis, wana desturi nyingine: jike huyakusanya mayai kinywani mwake, na huyalinda humo mpaka watoto watoke.

Kuna na aina ya tatu. Samaki hao hawatagi mayai. Watoto hukua tumboni mwa mama, kisha hutoka wakiwa hai, wakiogelea. Hao si wa maziwa yetu. Wale wanaofugwa sana asili yao ni Amerika. Mmoja ni gupi, wa Trinidad na kaskazini ya Amerika ya Kusini. Mwingine huitwa mkia-upanga, wa Meksiko na nchi za jirani. Dume wake ana mkia ulioongezeka chini, mrefu na mwembamba kama upanga. Upanga huo haukati kitu. Ni pambo tu. Lakini mwenye pambo hilo ni mkali.

Watu wengi huwafuga samaki hao nyumbani katika sanduku la kioo. Ni wazuri, tena ni rahisi kuwatunza. Walakini mara nyingi mfugaji huona asubuhi kwamba samaki mmoja amekufa, na mapezi yake yamechanika. Maji ni safi, chakula kipo. Basi, ameuawa na nini? Ameuawa na ugomvi.

Kwa nini wanagombana?

Dume hupenda kuwa mkubwa wa mahali pake. Akimwona dume mwingine, humkimbiza na kumwuma. Mtoni jambo hili si baya sana, kwa maana aliyeshindwa hukimbia mbali, na ugomvi umekwisha. Lakini sanduku la kioo halina mlango. Aliyeshindwa hukimbia, hufika ukutani, naye adui yu nyuma yake. Hukimbizwa leo, na kesho, na kesho kutwa. Mwishowe hujificha pembeni, hukunja mapezi, huacha kula. Hudhoofika, huugua, hufa.

Majike nao hupata taabu. Dume hawaachi hata kidogo. Huwafuata mchana kutwa. Kama jike ni mmoja na madume ni watatu, jike huyo hana raha. Lazima tujue kuwatambua. Jike ni mnene na mkubwa zaidi. Dume ana pezi la chini, nyuma ya tumbo, jembamba kama kijiti.

Njia za kuutuliza ugomvi

Kwanza, sanduku liwe la kutosha. Sanduku lenye urefu wa sentimeta 60, upana 30, na kimo 30, huingia lita 54 za maji. Bakuli dogo la duara halifai.

Pili, hesabu madume na majike. Kwa kila dume weka majike wawili au watatu. Hivyo jike mmoja hasumbuliwi peke yake. Madume wawili tu wa mkia-upanga ni hesabu mbaya kuliko zote, kwa kuwa mwenye nguvu atamwandama yule mmoja daima. Afadhali dume mmoja peke yake.

Tatu, panda majani ya majini na panga mawe, ili samaki wasionane kutoka upande huu hata upande wa pili. Asiyeonekana hakimbizwi. Majani hayo huwasaidia na watoto. Jike wa gupi huzaa karibu kila wiki nne, mara nyingi watoto ishirini au zaidi, na samaki wakubwa, hata mama mwenyewe, huwala wakiwaona.

Nne, tia chakula kidogo kidogo katika pande mbili. Mkali hawezi kuilinda miwili kwa wakati mmoja, na mnyonge atapata riziki yake.

Tano, ukileta samaki mgeni, hamisha kwanza mawe na majani. Wenyeji watakuta mahali pamekuwa pageni kwao pia, nao hawatakuwa na cha kumnyima mgeni.

Sita, ugomvi usipokwisha, mtoe mmoja. Lakini umtoe yupi? Wengi humtoa mnyonge, wakimwonea huruma. Hiyo haitoshi. Ukimtoa mnyonge, mkali atamtafuta mwingine wa kumwonea. Afadhali umtoe mkali, umweke peke yake siku kadhaa. Akirudi, atakuwa kama mgeni, na wenzake watakuwa wamekwisha kukaa mahali pao.

Maji nayo yaangaliwe. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, na usiku kuna baridi. Gupi hutaka maji ya digrii 22 hata 28. Kwa hiyo sanduku lake hutiwa chombo cha umeme cha kupasha maji moto. Kila wiki badili robo ya maji. Maji ya bomba huwa na dawa ya kuulia vijidudu. Yaache kwanza kwenye ndoo siku nzima.

Neno la mwisho ni kubwa. Watoto wakizidi, usiwamwage ziwani wala mtoni. Samaki mgeni akiisha kuingia ziwani, hapana mtu awezaye kumtoa. Sambaza aliletwa kwa shauri la wataalamu, na leo hulisha watu wengi. Lakini katika miaka ya 2000 alionekana Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, anayekula chakula kilekile cha sambaza. Wavuvi hawakumwomba. Basi, wape rafiki zako watoto waliozidi, au watenge majike na madume mapema.

Maswali

1. Sambaza, Haplochromis na gupi huzaaje? Eleza tofauti zao.
2. Kwa nini ugomvi katika sanduku la kioo ni wa hatari kuliko ugomvi mtoni?
3. Una madume 3 wa gupi. Utaweka majike wangapi?
4. Kwa nini ni afadhali kumtoa samaki mkali kuliko kumtoa mnyonge?
5. Sanduku huingia lita 54. Robo yake ni lita ngapi?