Tetemeko Haliui, Nyumba Ndiyo Inaua

Tuanze na hesabu ndogo. Tarehe 12 Januari 2010, Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0. Wiki sita na nusu baadaye, Chile ikapigwa na la 8.8. Unadhani wapi walikufa watu wengi zaidi?

Kwenye kipimo hiki, ukipanda namba moja nishati inaongezeka takribani mara 32. Kwa hiyo tetemeko la Chile lilikuwa na nishati kama mara 500 ya lile la Haiti. Si mchezo! Lakini Chile walikufa watu wapatao 525, wakati makadirio mengi ya Haiti yanazidi 100,000.

Kumbuka, la Haiti lilitokea karibu na uso wa dunia, kilomita kama 25 tu kutoka mji mkuu, Port-au-Prince. Ila sababu kubwa ni nyumba. Zege hubeba uzito vizuri, lakini likivutwa au likipindwa linakatika kama muhogo mkavu. Nondo ndiyo hulishikilia. Chile walijifunza hilo kwa machungu ya miaka mingi, wakaweka sheria za ujenzi na kuzisimamia. Haiti, nyumba nyingi zilikuwa na zege zito, saruji kidogo na nondo haba.

Na msaada je? Bandari na mnara wa kuongozea ndege viliharibika, misaada ikakwama. Saa za mwanzo, ni majirani waliofukua vifusi kwa mikono.

Halafu Oktoba mwaka huohuo kikaingia kipindupindu. Chanzo kilikuwa kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ambako kinyesi kilivuja hadi mtoni. Karibu watu 10,000 walikufa. Umoja huo uliomba radhi mwaka 2016. Yaani hata anayekuja kusaidia lazima achunge choo chake.

Mwaka huohuo wa 2016, tarehe 10 Septemba, Bukoba nayo ilitikiswa. Ukubwa ulikuwa 5.9 tu, lakini kuta ziliangukia watu, na wapo waliokufa. Kwa hiyo siku fundi akikwambia, "Bosi, hapa tupunguze nondo, itashika tu," mkatalie. Msaada wa kwanza wa tetemeko unaanza hapo, siku ya kumwaga zege.