Je, Wajua? Magonjwa Yaliyowafuata Askari wa Kitui na Makueni Vitani

Je, wajua kwamba ukimtafuta babu yako wa Makueni katika daftari za jeshi la kikoloni huenda usimpate? Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Askari aliyetoka Wote, Mbooni au Kilungu aliandikwa kuwa wa Machakos, basi. Wa Kitui hana shida hiyo. Anzia hapo kabla hujamlaumu karani.

Je, wajua kwamba Wakamba walijaa Keya kupita idadi yao nchini? Keya, yaani King's African Rifles, iliundwa mwaka 1902, na kufikia miaka ya 1950 hakuna kabila la Kenya lililokuwa na askari wengi humo kuwashinda. Waingereza walieneza kwamba Mkamba ni mtu wa vita tangu tumboni. Mimi naona ukame ulichangia zaidi: mwaka ambao mvua imekataa Mutomo, mshahara wa jeshi ndio mavuno.

Je, wajua ni mdudu gani aliyewatwika maelfu ya wanaume mizigo kichwani? Ndorobo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi la Uingereza walikufa ovyo walipoingia pori la Tanzania bara ya leo, wakati huo ikiwa koloni ya Wajerumani. Magari nayo yalizama kwenye matope. Vikabaki vichwa na mabega ya watu. Mwaka 1917 serikali iliendesha msako mkubwa wa wapagazi chini ya John Ainsworth, na Ukambani haikusazwa. Kikosi chenyewe, Carrier Corps, kilikuwa mikononi mwa Oscar Watkins.

Na je, wajua kilichowaua? Si bunduki za von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Takwimu rasmi za wapagazi waliokufa upande wa Uingereza zinapita 40,000, na walio wengi waliondoka kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Mzizi mmojawapo ulikuwa posho. Mtu aliyekulia mawele, wimbi na kunde anapewa unga wa mahindi wenye chenga. Sufuria hana, kuni zimelowa, na alfajiri lazima msafara uondoke. Anakoroga, anameza nusu mbichi. Unga usioiva huwasha na kuchubua utumbo, na utumbo uliochubuka haustahimili vijidudu vya kuhara. Madaktari walipokuja kulielewa jambo hili, walichodai hakikuwa dawa ya chupa: walitaka wapishi, vyungu vikubwa na muda wa kuchemsha. Ni aibu kwamba ilichukua vita nzima kugundua jambo ambalo mama yeyote wa Kyuso angeliwaambia bure.

Wazungu nao hawakupona. Kikosi cha 2nd Rhodesia Regiment kilipeleka Afrika Mashariki watu elfu moja na kidogo tu, lakini daftari zake za wagonjwa zilijaza matukio zaidi ya 10,000. Gawanya mwenyewe: kila mtu aliugua kama mara kumi.

Je, wajua kwamba funza si mzaliwa wa Afrika? Alitoka Amerika, akashuka pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshavuka bara zima hadi pwani yetu. Vita vilipoanza 1914 alimkuta askari wa Keya akitembea peku. Aliyejua kumtoa kwa mwiba au pini bila kumpasua alisalimika. Asiyejua aliachia vidole vya miguu huko huko.

Je, wajua kwamba nyuki waliwahi kushiriki vita? Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga, risasi zilitibua makundi ya nyuki yakawavamia askari wa 98th Infantry kutoka India. Majeruhi wa kuumwa walikuwa wa kweli, ijapokuwa dai la kwamba Wajerumani waliwafundisha nyuki ni hadithi ya barazani. Mkitui aliyezoea kutundika mizinga juu ya mbuyu asingeshangaa.

Sasa hili ndilo linalonikosesha usingizi, na wengi wa Kitui hawalijui.

Je, wajua kwamba kala-azar, ugonjwa ulioitikisa Kitui miaka ya 1950, ulijulikana kwanza nchini kupitia jeshi? Mwanzoni mwa miaka ya 1940, askari wa Keya waliokuwa kaskazini mwa Ziwa Turkana, kwenye mpaka wa Ethiopia, walianza kuugua homa isiyoisha. Walikonda, tumbo likavimba upande wa kushoto kwa sababu ya wengu, damu ikapungua. Kimelea chake huitwa Leishmania donovani, na mgonjwa asipotibiwa kwa kawaida hufa. Vita vikaisha, watu wakarudi makwao. Kisha kati ya mwaka 1952 na 1954 Kitui ikapata mlipuko mkubwa wa ugonjwa huo huo. Wapo watafiti waliosema kimelea kilisafiri ndani ya miili ya askari waliorudi nyumbani. Hoja hiyo haina ushahidi wa mahakamani, lakini ratiba yake inaingiana vizuri mno kuipuuza.

Kimelea peke yake hakitoshi, kinahitaji mdudu wa kukibeba. Daktari R. B. Heisch na wenzake walifuatilia hadi wakafika kwenye vichuguu. Ndani ya mashimo yale ya kupitishia hewa mna ubaridi na unyevu hata nje kukiwaka jua, na humo ndimo usubi aitwaye Phlebotomus martini hujificha mchana. Jua likizama anatoka. Sasa fikiria boma la Ukambani jioni: wanaume na wavulana wamekaa kwenye kichuguu, mahali pazuri pa juu pa kuangalia mbuzi wakirudi, wanapiga soga. Mdudu huyu ni mdogo kuliko mbu, haruki mbali, halii sikioni. Hana haja ya kuruka mbali. Chakula chake kimemkalia juu ya paa. Ndiyo maana wavulana na wanaume waliugua kwa wingi.

Ugonjwa huu haujaisha. Bado hutokea upande wa Mwingi. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa Afrika Mashariki sindano za dawa mbili, stibogluconate na paromomycin, kwa siku 17 mfululizo. Zamani ilikuwa sindano ya dawa moja kila siku kwa muda wa mwezi hivi, na sindano yenyewe ilikuwa ya kumtoa mtu machozi.

Je, wajua kwamba mwaka 1943 kule Burma, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi? Hesabu hiyo ni ya Jenerali William Slim mwenyewe, aliyeongoza jeshi la Uingereza huko katika Vita Vikuu vya Pili. Mwaka uliofuata Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Wakamba wakiwemo, ilishuka Bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, mahali palipoogopwa kwa malaria na kwa taifasi ya vichakani, homa iletwayo na utitiri. Mwanzoni mwa Desemba 1944 walikuwa wameshaingia Kalewa.

Kinga ilikuwa tembe ya mepacrine kila siku. Ilikuwa chungu, na iligeuza ngozi na macho kuwa manjano. Halafu ukazuka uvumi kambini kwamba inaua nguvu za kiume, na hapo mtu aliyeoa juzi anaificha chini ya ulimi. Dawa ya Slim kwa uvumi ilikuwa kali: askari walipimwa bila taarifa, na kikosi ambacho wanaomeza hawakufika asilimia 95, kamanda wake alifukuzwa. Alifukuza watatu, wengine wakaelewa. Vilevile alianza kuwatibu wenye malaria karibu na mapigano badala ya kuwapeleka India. Waliokuwa wakipotea miezi mitano wakawa wanarudi kazini kwa majuma.

Hili fupi, nalo ni zito: meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wengi. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives. Walikufa watu karibu 1,300, na meli ilizama kwa dakika chache tu.

Je, wajua kwamba askari wanaweza kuugua moyo kwa kukosa kwenda sokoni? Mwaka 2009 askari wa Umoja wa Afrika walioko Mogadishu, wakati huo Waganda na Warundi, walianza kuvimba miguu, kuhema na kusikia moyo ukienda mbio. Kufikia Mei 2010 walikuwa 241, na wanne walikufa. Zaidi ya 50 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Vipimo vya sumu na vya maambukizi havikuonyesha kitu. Wachunguzi wakageukia sahani, wakaona kwamba waliougua zaidi ni wale waliokula chakula cha kambi peke yake, na waliokaa mahali penye risasi kila siku. Aliyeweza kununua chakula mtaani alikuwa salama zaidi.

Ulikuwa beriberi, ukosefu wa vitamini B1, ambayo mwili huweka akiba ya majuma machache tu. Wagonjwa walipewa vitamini hiyo, na wakapata nafuu kwa kasi ya kushangaza. Wazima nao walipogawiwa, hakufa mwingine. Sasa tazama jikoni Kitui. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa, na ganda likiondoka huondoka na sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Lakini nani Ukambani hula muthokoi mtupu? Unapikwa na mbaazi, maharagwe au ndengu, na hizo ndizo zinazoirudisha. Waliopanga mlo huo hawakuwa na maabara.

Kenya ilivuka mpaka wa Somalia Oktoba 2011 na kuingia rasmi katika kikosi hicho cha Umoja wa Afrika mwaka 2012. Mashambulizi ya El Adde, 15 Januari 2016, na Kulbiyow, 27 Januari 2017, yalifikisha misiba vijijini kote nchini. Idadi kamili ya waliouawa El Adde serikali haikuitoa, na mimi sioni sababu ya kuificha mpaka leo.

Je, wajua mlipuko huanza kuumiza wapi? Sehemu zenye hewa: sikio, mapafu, utumbo. Ngoma ya sikio hupasuka mapema kuliko vyote. Askari anaweza kutoka kwenye gari lililolipuliwa barabarani bila tone la damu, akarudi nyumbani, na mkewe akadhani ana kiburi kwa sababu haitiki akiitwa.

Je, wajua kwamba mwaka 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika juu ya askari waliotetemeka, kusahau na kupoteza sauti bila jeraha? Kwetu tunasema kiwewe. Dalili zake nyumbani si za ajabu: mbwa akibweka saa nane za usiku mtu ameshasimama mlangoni, hataki kukaa na mgongo ukielekea barabara, pombe imezidi. Majirani wanasema karogwa. Na hospitali zamani haikuwa kimbilio: ile ya Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa 1910, iliongozwa tangu 1938 na J. C. Carothers, ambaye alipoteuliwa hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Huyo huyo mwaka 1953 alichapishiwa kitabu na Shirika la Afya Duniani akimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Ungempelekea babu yako?

Je, wajua kwamba mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri? Sanamu za shaba za Kenyatta Avenue, Nairobi, zilizozinduliwa 1928, zina mpagazi mmoja kwa niaba ya wote.

Na kwa kijana wa miaka 18 hadi 26 anayenoa miguu akisubiri tangazo la jeshi: je, wajua kwamba nyayo bapa zinaweza kukurudisha nyumbani kabla hujapumua? Utapanga mstari uwanjani, utavua viatu, utafungua kinywa waone meno, utanyoosha vidole, na yote hayo mbele ya kijiji kizima. Kuandikishwa ni bure. Anayekudai mbuzi wa shangazi ili akuwekee nafasi, mpeleke kituo cha polisi.