Uvimbe wa macho (2): Dawa ya mjukuu si dawa ya babu

Wiki iliyopita tuliona jinsi jicho lilivyoumbwa na kwa nini huwa jekundu linaposhambuliwa. Leo tuingie kwenye swali ambalo mtaalamu wa macho huuliza kabla hajawasha tochi: mgonjwa ana umri gani? Wekundu wa kichanga wa siku nne na ule wa bibi wa miaka 70 unaweza kufanana kabisa, lakini chanzo ni tofauti na tiba ni tofauti. Kutolijua hili kunawapofusha watu ambao wangepona.

Macho ya kichanga yakivimba na kutoa usaha ndani ya siku 28 za mwanzo, mara nyingi yameambukizwa wakati wa kuzaliwa, kwa vimelea vilivyokuwa katika njia ya uzazi ya mama. Kisonono hujitokeza mapema, kati ya siku ya pili na ya tano, kwa usaha mwingi na mzito, nacho kinaweza kutoboa kioo cha jicho katika siku chache. Klamidia huchelewa, kwa kawaida hadi kati ya siku ya tano na ya 14. Kukamulia maziwa ya mama jichoni na kungoja ni kupoteza muda. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na wazazi wote wawili watibiwe.

Akianza kucheza na wenzake, mtoto hukutana na trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope. Vimelea vyake ni vya jamii hiyo hiyo ya klamidia, ila hivi husafiri kwa vidole, kwa khanga moja inayofuta nyuso za watoto wote, na kwa nzi wanaotua kwenye matongotongo. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, imechunguzwa kwa miongo kadhaa kwa sababu ya ugonjwa huu. Mhudumu hupindua kope la juu la mtoto na kutazama upande wa ndani. Akihesabu vivimbe vyeupe vitano au zaidi, kila kimoja kikiwa na upana wa angalau nusu milimita, basi mtoto ana trakoma hai. Wanaobeba vimelea kwa wingi ni watoto wa mwaka mmoja hadi tisa.

Sasa mtazame bibi wa nyumba hiyo hiyo. Jicho lake nalo ni jekundu na linatoka machozi, lakini vimelea pengine vilimwacha zamani. Kilichobaki ni makovu ya maambukizi aliyoyapata tena na tena utotoni, kisha kwa watoto aliowalea. Ndiyo maana wanawake huumia zaidi kuliko wanaume. Makovu hayo hulikunja kope kuelekea ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Wengi huzing'oa kwa kibano, zikaota tena. Mjukuu anahitaji azithromaisini na uso unaonawishwa kila siku. Bibi anahitaji upasuaji mdogo wa kope.

Kati ya miaka mitano na 15, hasa kwa wavulana, chanzo kikubwa kisicho cha vimelea ni mzio. Macho huwasha hata mtoto hawezi kuacha kuyapikicha, hutoa ute unaovutika, na weupe unaozunguka mboni hugeuka wa kahawia. Kwa wengi hali hii hutulia baada ya balehe. Hatari iko kwenye dawa. Matone ya steroidi huleta nafuu haraka, mzazi akarudi duka la dawa mwezi baada ya mwezi bila mtoto kupimwa, huku presha ya jicho ikipanda kimyakimya na kuua mshipa wa fahamu wa kuonea. Mtoto ameacha kuwashwa, lakini haoni.

Kwa watu wazima, mlipuko wa macho mekundu kama ule uliozikumba Dar es Salaam na Mombasa mwanzoni mwa 2024 ni wa virusi, na kwa kawaida huisha bila antibayotiki. Lakini mtu wa miaka 20 hadi 40 mwenye jicho moja jekundu, linalouma kwa ndani, lisilo na tongotongo na lisilovumilia mwanga, huenda ana uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho. Akiulizwa vizuri, wakati mwingine husema kiuno humkaza kila alfajiri, kwa kuwa kinga yake mwenyewe inashambulia viungo na jicho pamoja. Kifua kikuu na kaswende vikishaondolewa shakani, steroidi ile ile iliyomharibu mvulana ndiyo inayookoa jicho hili, ikisimamiwa na daktari.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mkanda wa jeshi wa usoni. Virusi vyake ni vile vya tetekuwanga, vilivyolala kwenye mishipa ya fahamu kwa miaka, na huamka kinga inaposhuka. Kwa mzee wa miaka 70, umri wenyewe unatosha kuishusha. Kwa mtu wa miaka 30 katika nchi zetu, apimwe VVU bila kuchelewa. Malengelenge yakifika ncha ya pua, jicho limo hatarini. Dawa za kuzuia virusi hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 72.

Wazee wengi husumbuliwa na ukavu tu: machozi hupungua na tezi za mafuta kwenye kingo za kope huziba. Lakini mtoto wa jicho aliyeachwa akaiva kupita kiasi huvujisha protini na kuleta uvimbe mkali. Presha ya jicho ya ghafla huja na maumivu ya kichwa na kutapika, hata mgonjwa akatibiwa malaria. Na uvimbe wa ndani unaoanza uzeeni na kukataa kupona humlazimu daktari kutafuta saratani iliyojificha.

Kwa hiyo, chupa ya matone iliyofunguliwa kwa ajili ya mmoja isihamie kwa mwingine, hata kama macho yao yanafanana. Ukifika kliniki, taja umri wa mgonjwa, siku tatizo lilipoanza, kama ni jicho moja au yote mawili, na kila dawa iliyokwisha kutiwa. Wiki ijayo tutaeleza vipimo anavyofanyiwa mgonjwa na maana ya majibu yake.