Mmisionari kijana katika shule ya lugha: utume unaoanza kwa kusikiliza

Parokia inapomuaga kijana wake anayetumwa Amerika ya Kusini, tunamwekea mikono, tunamwombea, tunamkabidhi rozari na zawadi. Baada ya miezi michache wazazi wake huulizwa mlangoni mwa kanisa: "Je, ameshaanza kazi?" Nao hujibu kwa sauti ya chini kidogo: "Bado, yuko shule ya lugha." Makala hii inataka kuonyesha kwamba jibu hilo halina aibu yoyote. Kijana huyo ameshaanza kazi, tena ameianza mahali pagumu kuliko pote.

Kanisa linafundisha nini

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Shughuli za Kimisionari za Kanisa iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, unadai kwamba mmisionari ajifunze lugha ya watu anaotumwa kwao kiasi cha kuitumia kwa ufasaha. Mtakatifu Yohane Paulo II alilirudia fundisho hilo mwaka 1990 katika waraka wake juu ya utume, Redemptoris Missio. Mmisionari anayetoka Kanisa jingine hana budi kuzama katika maisha ya watu wake wapya, na lugha ndiyo mlango wa kwanza.

Msingi wa agizo hilo ni fumbo la Umwilisho. Neno wa Mungu alipofanyika mwili alikubali kuwa mtoto mchanga asiyejua kusema. Alijifunza maneno kwa Mama yake, akazungumza kama watu wa Galilaya walivyozungumza. Naye Roho Mtakatifu, siku ya Pentekoste, hakuwalazimisha watu wa mataifa kuelewa lugha moja, bali kila mmoja alisikia habari njema kwa lugha yake mwenyewe.

Maisha ya darasani

Tuchukue mfano wa Cochabamba, mji wa Bolivia ulio katika bonde la milima ya Andes, kwenye mwinuko wa takribani mita 2,500. Huko Wamisionari wa Maryknoll, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1911, walianzisha katika miaka ya 1960 shule ya lugha ambayo imepokea mapadre, watawa na walei kutoka nchi nyingi.

Anayetoka kwetu hafiki mikono mitupu. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Meza kwao ni mesa, bendera ni bandera, mvinyo ni vino, maana sisi tuliyapokea maneno hayo zamani kutoka kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania. Hata neno "padre" atalikuta huko linamngoja.

Lakini furaha hiyo haidumu. Kila nomino ni ya kiume au ya kike, na kivumishi hubadilika kuifuata. Kitenzi cha kuwa kina sura mbili: ser kwa kueleza mtu ni nani, na estar kwa kueleza yuko wapi au ana hali gani. Herufi moja ikidondoka, maana yote hugeuka. Anayetaka kusema amechoka husema estoy cansado. Akiisahau n, amewatangazia wenyeji wake kwamba ana mke. Pescado ni samaki, pecado ni dhambi. Kwa frateri anayejiandaa kuadhimisha siku moja Sakramenti ya Kitubio, tofauti hiyo si ndogo.

Msalaba wa kunyamaza

Makosa kama hayo huchekesha, na ni heri mmisionari ajifunze kucheka pamoja na wenyeji. Lakini liko jaribu zito zaidi. Kijana huyu amesoma falsafa, pengine na teolojia. Nyumbani aliongoza vijana na kufundisha katekisimu. Sasa hawezi kununua mkate bila kunyoosha kidole. Mtoto wa miaka sita anamsahihisha mezani. Katika Misa Takatifu anafuata matendo yote, lakini homilia inampita kama upepo. Jioni anajiuliza kama kweli aliitwa.

Hapo ndipo simu inapokuwa faraja, na pia mtego. Tanzania na Kenya zimetangulia Bolivia kwa saa saba: kwetu ikiwa saa sita usiku, Cochabamba ni saa kumi na moja jioni, saa ambayo majirani hukaa nje na kuzungumza. Akijifungia chumbani kila jioni kuongea Kiswahili na jamaa zake, mwili wake umefika Bolivia, lakini yeye bado hajaondoka nyumbani. Wako wanaovunjika moyo katika miezi hiyo, wala tusiwahukumu. Wanaodumu hujifunza fadhila ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuwapa: kupokea kabla ya kutoa.

Tena Kihispania huenda kikawa mwanzo tu. Katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 inatambua, pamoja na Kihispania, lugha 36 za wenyeji wa asili. Bibi kizee wa kijijini huenda akataka kuungama kwa Kiquechua, lugha aliyofundishwa na mama yake kusali.

Mfano wa Mtakatifu Petro Klaver

Padre huyu Mjesuiti, mzaliwa wa Hispania, alifika Cartagena, katika nchi ya leo ya Kolombia, mwaka 1610. Aliwahudumia Waafrika walioshushwa bandarini wakiwa watumwa. Kwa kuwa walisema lugha nyingi, aliwatafuta wakalimani miongoni mwa Waafrika wenyewe, naye alitangulia kuwapelekea maji, chakula na dawa kabla ya mafundisho. Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1888. Anatufundisha kwamba asiyeelewa maneno ya mwenzake bado anaweza kuyaona mateso yake.

Wajibu wetu

Kwanza, tuwaombee wamisionari wetu walio masomoni kwa nia ya pekee, si katika Dominika ya Kimisionari ya mwezi Oktoba tu. Pili, tuwapigie simu kwa kiasi, tuwaulize wamejifunza nini leo, kisha tuwaache waende kwa watu wao wapya. Tatu, tuwapokee kwa uvumilivu mapadre na masista wageni waliopo kwetu. Maryknoll hao hao walianzisha shule ya Kiswahili pale Makoko, Musoma, ambako wageni wengi wamehangaika na ngeli zetu. Padre mgeni akisema "mtu mzuri" na "kitu mzuri" kwa pumzi moja, tumsahihishe kwa upendo baada ya Misa, tusimcheke akiwa altareni.

Maana mahali fulani mbali, jioni hii, mama mmoja Mbolivia anamrudishia kijana wetu neno lile lile kwa mara ya nne, bila kuchoka. Tumfanyie mgeni wetu kama tunavyotamani mtoto wetu afanyiwe.