Kibofu cha Mgonjwa na Namba ya Mashine

Tiba ya mionzi haipatikani katika milima ya Usambara. Mwanamke wa Lushoto mwenye saratani ya mlango wa kizazi hushuka kupitia Soni hadi Mombo, akashika barabara kuu, na mara nyingi safari yake huishia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tiba ya nje ya nyonga kwa kawaida huchukua takriban majuma matano, siku tano kila juma. Katika vituo vingi mgonjwa huelekezwa akojoe, anywe kiasi maalumu cha maji, kisha asubiri bila kukojoa.

Agizo hilo lina sababu. Kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mwembamba nje ya njia ya mionzi. Aidha, mfuko wa uzazi hulalia kibofu. Kibofu kikijaa au kupungua, nao husogea, pengine kwa sentimita kadhaa. Mpango wa tiba huchorwa kwa picha za CT za siku moja tu. Kinachotafutwa, basi, ni kibofu kinachofanana na cha siku ile, wala si kibofu kilichojaa hadi kuuma.

Hisia za mgonjwa hazitoshi kutuongoza. Baada ya majuma kadhaa mionzi hukichokoza kibofu, haja ikaja mapema, na ujazo ukapungua. Ndipo mashine ndogo ya ultrasaundi inapofaa.

Mashine hiyo hutuma mawimbi ya sauti, hukadiria upana, urefu na kina cha kibofu, na kwa hesabu ya kawaida huzidisha vyote kwa 0.52, kana kwamba kibofu ni yai. Sentimita 9, 7 na 6 hutoa mililita 197 hivi. Kina kikisomwa 5 badala ya 6, jibu hushuka hadi 164. Na kibofu si yai: kikiwa na mkojo kidogo hubonyea, na uvimbe wa jirani hukipinda.

Maji yaliyojaa tumboni au uvimbe wa maji katika ovari huweza kuhesabiwa kuwa mkojo. Jeli haba, kovu na mafuta mengi ya tumbo huififiza picha. Kosa linalodharauliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni foleni: aliyekunywa maji mengi huweza kutengeneza mililita kadhaa za mkojo kila dakika, hivyo namba ya nusu saa iliyopita imekwisha kuchakaa.

Mtoa huduma apime kwa mashine ileile mara baada ya picha za CT, aandike tofauti ya vipimo viwili hivyo, kisha kila siku arudie kipimo, mgonjwa akiwa amelala vilevile. Mgonjwa aliyetoka kukojoa sasa hivi akisomwa mililita 300, aitwe mtaalamu wa ultrasaundi ya kawaida. Hata namba sahihi haioneshi mfuko wa uzazi uko wapi. Picha ya kuhakiki kabla ya mionzi bado yahitajika.

Nawe mama unayepanda daladala kutoka kwa nduguzo, najua hunywi maji kwa kuogopa kukosa choo njiani. Lakini mwili wenye kiu huyafyonza maji ya kituoni kwanza, na kibofu huchelewa kujaa. Kunywa vya kutosha tangu siku iliyotangulia. Mkojo ukikuponyoka ukiwa kwenye benchi, mwambie mtaalamu kabla hujapanda kitandani; utapewa maji mengine na muda wa kungoja.